Muulize Nesi: Mimba ya miezi sita na sijatia mguu kliniki

Meseji za safari hii karibu zote ni za wajawazito na akina mama wanaonyonyesha, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nimechelewa? Nimechukua sita, majina nimeyaacha pembeni yote, na zile mbili za mwisho nimezijibu kwa kifupi.

SWALI: Shikamoo dada nesi. Mimi nina mimba ya miezi sita na sijaenda kliniki. Sio kwamba sitaki, nilienda ilipokuwa ya miezi mitatu nikaambiwa nirudi na mwenzangu, bila mume sipokelewi, na huyo mume mwenyewe aliposikia mimba ndo akapotea, simu hapokei. Nikaona aibu nikakaa nyumbani. Sasa hivi naogopa kwenda maana nitagombezwa kwa nini nimechelewa, na naogopa zaidi kile kipimo cha VVU kwa sababu huyo mwanaume alikuwa na mambo mengi. Je kama ninavyo, si mtoto atakuwa ameshaambukizwa tayari? Kuna faida gani kwenda sasa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho maana naona ndo linalokunyima usingizi. Hapana. Hata kama una virusi, na hapo ulipo hujui kama unavyo, mtoto wa miezi sita tumboni uwezekano mkubwa ni kwamba hajaambukizwa. Damu yako na damu yake hazichanganyiki, katikati kuna kondo la nyuma, linapitisha chakula na hewa na kwa sehemu kubwa linavizuia virusi. Maambukizi mengi yanatokea mwishoni kabisa mwa mimba na wakati wa uchungu, pale mtoto anapopita kwenye damu na majimaji ya mama, alafu yanaendelea kwenye kunyonyesha. Kwa safari yote hiyo, mimba, leba na ziwa, mama akiwa hatumii dawa yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 ndo huambukizwa. Yaani hata bila dawa kabisa zaidi ya nusu wanatoka salama. Mama akitumia dawa vizuri wanashuka chini ya 5, na akianza mapema virusi vikafubaa kabisa wanashuka chini ya 1. Sasa wewe bado una miezi mitatu mbele, na leba iko mbele, na kunyonyesha kote kuko mbele, hatari kubwa hujaifikia bado, kwa hiyo faida ya kwenda sasa ndo hiyo.

Na usiniambie miezi sita umechelewa sana. Umechelewa ndio, siwezi kukudanganya, Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8 na ile ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Lakini kuna utafiti ulifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wanawake waliochelewa kuliko wewe, wote walianza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, mimba ikiwa imeshavuka wiki 28, na wale waliopewa ARV yenye dawa inayoitwa dolutegraviri, 74 kati ya 100 walifika siku ya kujifungua virusi vikiwa vimeshuka hadi kiwango cha chini mno kwenye damu. Wengi wao walikuwa wamemeza dawa kwa karibu miezi miwili tu! Kwa hiyo ukienda kesho bado una nafasi nzuri, ila ukikaa mwezi mwingine kwa kuogopa kugombezwa huo mwezi hurudishiwi.

Sasa hili la kurudishwa kwa sababu huna mume linaniuma sana kwa sababu nimelishuhudia kwa macho yangu. Kituo kimoja nilichofanya kazi zamani kulikuwa na mtindo huo, waliokuja na waume wanaanza, wasio na waume wanasubiri mpaka mwisho au wanaambiwa warudi siku nyingine. Siku moja akaja mama na mwanaume, tukaandika, tukamuuliza yule baba jina la mkewe ili tujaze kadi, akanyamaza, akamwangalia yule mama, akaangalia chini. Alikuwa mtu wa kuazima. Yule mama akaanza kulia pale pale mezani na kadi yake mkononi. Tangu siku ile sijawahi kumrudisha mtu. Wazo la kuwaita wanaume lilikuwa jema, wapime pamoja, wasaidiane, lakini ushauri wenyewe wa kitaalamu unasema kumshirikisha mwanaume kufanyike kwa kuheshimu uamuzi wa mwanamke, hakuna mahali panaposema asiye na mwenza anyimwe huduma. Mama aliyekimbiwa ndo anayehitaji kliniki kuliko wote.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda asubuhi mapema, ukifika mapokezi sema kwa sauti ya kawaida tu, nimekuja kuanza kliniki, mwenza wangu hayupo, naomba kuhudumiwa peke yangu. Wakikuzungusha omba kuonana na mkuu wa kituo, usibishane na mtu wa mlangoni. Ikishindikana nenda kituo kingine hata kama ni mbali kidogo, au mtafute mhudumu wa afya wa jamii akusindikize, mama akiingia na mhudumu wanayemjua watu wa pale wanakuwa wapole. Na mtu akikuuliza kwa nini umechelewa mwambie ukweli, nilikuja mkanirudisha, basi.

Ndani watakupima presha, uzito, wingi wa damu, mkojo, watapima urefu wa tumbo na kusikiliza mapigo ya mtoto, utapewa chanjo ya pepopunda na vidonge vya kuongeza damu. Kile cha VVU ni tone moja tu la kidole, na sehemu nyingi tone hilo hilo linapima na kaswende, ambayo watu wanaisahau wakati inaua watoto tumboni na tiba yake ni sindano ya penisilini. Presha nayo usiidharau, kifafa cha mimba hakijali kama una VVU au huna. Nikirudi kwenye hofu yako, dakika zile za kusubiri majibu ni ngumu, najua, nimekaa na wengi. Lakini jibu liko kwenye damu yako hata usipopima, ukipima unachopata ni nafasi ya kumkinga mtoto.

SWALI: Nesi habari. Jana nimepima nimekutwa na VVU, mimba ina wiki 14. Palepale nikapewa dawa nianze siku hiyohiyo, sikupewa hata muda wa kufikiria. Hizo haraka za nini? Dawa hazitamharibu mtoto? Tena nimepewa na vidonge vyekundu vya damu, sijui nameza vipi vyote hivyo. Mpaka sasa sijameza hata kimoja, viko kwenye mkoba.

JIBU: Pole sana dada yangu. Jana tu, hata machozi hayajakauka, alafu unakabidhiwa kopo la dawa. Ungestahili kukaa na mtu nusu saa akusikilize, na kama hukupata hiyo nusu saa rudi uidai, ni haki yako.

Ila haraka yenyewe ina sababu. Zamani mama mjamzito alikuwa anapimwa kwanza CD4, yaani wingi wa chembe za kinga mwilini, ndo iamuliwe aanze au asianze, majibu yanachelewa, mama anapotea, mtoto anazaliwa katikati hapo. Malawi ndo waliovunja huo utaratibu 2011, wakasema kila mjamzito mwenye VVU aanze dawa na aendelee nazo maisha yake yote, bila kusubiri CD4, nchi nyingine zikafuata. Kila wiki unayomeza, virusi vinashuka, na virusi vikiwa vichache kwenye damu yako nafasi ya kumfikia mtoto inakuwa ndogo sana. Ufaransa walifuatilia maelfu ya kina mama, matokeo yakatoka 2015, watoto 2,651 ambao mama zao walianza dawa kabla ya mimba, wakaendelea nazo mimba yote na wakajifungua virusi vikiwa havionekani, hakuna hata mmoja aliyezaliwa na VVU. Wale hawakuwa wananyonyesha, la ziwa nalijibu huko chini, lakini ujue tu dawa ina nguvu kiasi gani. Wewe hukuanza kabla ya mimba, ila wiki 14 ni mapema, una muda wa kutosha kabisa.

Kuhusu kumharibu mtoto, 2018 kweli kulitokea wasiwasi juu ya dolutegraviri, taarifa za mwanzo kutoka Botswana zilionyesha kama inaongeza watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo. Wakaendelea kuhesabu, wanawake wakawa wengi zaidi, ule wasiwasi ukapungua, na 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza iwe chaguo la kwanza hata kwa wajawazito. Kinachomdhuru mtoto ni hivyo virusi kuachwa vizaliane.

Sasa vile vidonge, na hapa naomba usome taratibu maana wengi hawaambiwi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya damu, na vile vya kalisi pia, vikikutana na dolutegraviri kwenye tumbo tupu vinaishika isiingie mwilini vizuri. Mama anameza kila siku kwa uaminifu na nguvu ya dawa inapungua. Suluhisho lake ni rahisi: ukiwa unakula, meza vyote pamoja na chakula, hakuna shida. Kama tumbo ni tupu, meza ARV kwanza, vya damu viwe baada ya saa mbili, au ukitangulia vya damu subiri saa sita ndo umeze ARV. Mi huwa nawaambia kina mama ARV usiku, vya damu mchana na chakula, inakaa kichwani kirahisi. Na kama unatapika sana kwa ajili ya mimba usikae kimya, sema, kuna dawa za kuzuia kutapika zinazofaa kwa wajawazito.

Baada ya miezi mitatu ya dawa dai kipimo cha wingi wa virusi, na kingine kwenye wiki ya 34 hadi 36, hicho ndo kitaamua mtoto akizaliwa apewe dawa ya aina gani. Anza leo usiku, toa hiyo dawa kwenye mkoba.

SWALI: Dada, mimi ni mwanaume. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano kapimwa anavyo, mimi nimepima sina. Nimechanganyikiwa, watu wananiambia niondoke. Na mtoto ni wangu kweli?

JIBU: Kaka yangu, umefanya jambo ambalo wanaume wengi hawafanyi, umeenda ukapima. Sasa nisikilize. Wanandoa mmoja anavyo na mwingine hana ni jambo la kawaida sana, tunawaona kila wiki, wengine wameishi hivyo miaka. Kipimo chake hakisemi alivipata lini wala kwa nani, inawezekana kabla hajakujua, na hakisemi lolote kuhusu mtoto ni wa nani. Usimbebeshe kesi ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Ukiondoka utamfanya aache dawa, nimeona hilo mara nyingi mno. Anaficha, anakosa mtu wa kumkumbusha, anakosa nauli, anaacha kliniki. Ukibaki, akimeza kila siku na virusi visionekane kwenye kipimo, hakuambukizi kwa tendo la ndoa. Hilo Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi 2023. Mpaka kipimo kithibitishe hivyo tumieni kondomu, na wewe uliza dawa za kujikinga, watu wanaziita prepu, alafu rudia kupima kwa tarehe watakazokupangia.

Hapa niongee na wanaume wengine wanaosoma, ambao wake zao walipima mwanzoni mwa mimba wakawa salama. Mama akiambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha, wiki zile za mwanzo virusi vinajaa mwilini kwa wingi mno, na mtoto yuko hapohapo kwenye hatari kubwa kuliko mtoto wa mama anayejua hali yake na anameza dawa. Ndo maana tunarudia kipimo miezi mitatu ya mwisho na tena wakati wa kunyonyesha, na mama anayeishi na mwenza mwenye VVU anaweza kutumia prepu mimba yote na kunyonyesha kote. Akiambiwa apime tena asigombane na nesi.

SWALI: Nina mtoto wa miezi miwili, natumia ARV, namnyonyesha. Mama mkwe anasema maziwa yangu hayatoshi anampa maji kila nikitoka. Chuchu moja imepasuka inatoa damu. Naogopa kunyonyesha naogopa pia kuacha, mama mkwe hajui hali yangu.

JIBU: Usiache kunyonyesha mwanangu, ila hilo ziwa lenye damu lipumzishe. Mnyonyeshe lililo zima, hilo jingine kamua na maziwa yake uyamwage mpaka kidonda kipone, usiliache lijae maana likivimba na kuuma itakuwa shida kubwa zaidi. Na leo hii nenda wakuangalie mtoto anavyoshika ziwa, karibu kila chuchu niliyoona imepasuka sababu ilikuwa mkao. Mtoto anatakiwa afungue mdomo wote, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ujikunje kwa nje, na ule weusi wa ziwa uingie mdomoni kwa sehemu kubwa, sio ncha ya chuchu peke yake. Akishika chuchu tupu anaitafuna kama anatafuna kamba, na maziwa hayatoki, analia, ndo bibi anasema hayatoshi.

Maji kwa mtoto wa miezi miwili hapana. Utumbo wake bado laini, maji na uji vinaleta kuharisha na vinaukwaruza ukuta wa utumbo, na hapo virusi vinapata njia. Miezi sita ziwa tupu, baadae ndo vyakula vingine huku unaendelea kunyonyesha mpaka miezi 12, na ukiwa unameza dawa vizuri unaweza kufika miaka miwili na zaidi. Kuna utafiti mkubwa uliofuatilia mama waliokuwa kwenye ARV wakinyonyesha, mpaka watoto wanafika miezi 12 walioambukizwa hawakufika 1 kati ya 100. Sio sifuri, na ndo maana dozi isikukimbie hata siku moja. Ila maji aliyoshapewa yasikufanye uone yameharibika yote ukaacha ziwa, hapana, yasimamishe tu uendelee. Na ile dawa ya maji ya nevirapini, ya kumkinga mtoto na VVU, kama bado unampa, haihesabiki kama chakula, mpe bila wasiwasi.

Bibi huhitaji kumwambia hali yako ndo akuelewe. Nenda naye kliniki siku ya chanjo, muombe nesi aseme mbele yake, mtoto huyu asipewe kitu zaidi ya ziwa mpaka miezi sita. Mtoto yeyote anaambiwa hivyo, mwenye mama mwenye VVU na asiye, hakuna atakayekuhisi. Mabibi wakielezwa kwa heshima wanageuka kuwa walinzi wakali kuliko sisi.

SWALI: Mtoto wangu alipimwa wiki ya 6 kwa ile karatasi wakasema hana. Juzi ana miezi 4 aliumwa tukaenda sehemu nyingine wakampima kile cha haraka mistari miwili. Nimeishiwa nguvu.

JIBU: Kaa chini dada, vuta pumzi. Kile cha haraka hakitafuti virusi, kinatafuta askari wa mwili, na mtoto mdogo anatembea na askari wa mama yake aliowarithi tumboni, wanaweza kukaa naye hadi miezi 18. Kwa hiyo mistari miwili kwa mtoto wa miezi 4 inasema mama yake anavyo, ambalo ulikuwa unalijua. Kipimo cha umri wake ni kile kile cha wiki ya 6, wanamtoboa kisigino, matone matano yanajaza vile vimiduara kwenye karatasi nyeupe, inakauka inapelekwa maabara kutafuta virusi vyenyewe. Rudi kliniki yake na kadi, waeleze, warudie hicho hata kama tarehe yake haijafika kwa sababu ameumwa na bado ananyonya. Usikae kusubiri. Mtoto aliyeambukizwa asipopata dawa hali yake inageuka haraka, karibu nusu yao hawafiki miaka miwili, wakati Afrika Kusini walionyesha 2008 kwamba kuanza dawa mapema utotoni kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Kama hajaambukizwa kama ninavyotegemea, atapima tena miezi 9, na miezi 18, na miezi mitatu baada ya kuacha ziwa ndo majibu ya mwisho. Septrini yake, ile dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi, iendelee.

SWALI: Nina VVU, lazima nizae kwa operesheni?

JIBU: Hapana. Virusi vikiwa vimefubaa unajifungua kwa njia ya kawaida kama mama mwingine yeyote. Sehemu zenye huduma hiyo, operesheni inafikiriwa pale kipimo cha mwishoni kinapoonyesha virusi bado viko juu, zaidi ya nakala 1,000 kwenye mililita moja ya damu. La muhimu ni kuzalia kituoni, chupa ikipasuka usikae nyumbani masaa mengi, beba kopo lako la ARV kwenye begi la kujifungulia uendelee kumeza kwa saa yako hata ukiwa kwenye uchungu, na ukifika tu leba mwambie mkunga hali yako mkiwa wawili, ili dawa ya mtoto iandaliwe kabla hajazaliwa.